Dhamana ya Gashaw na Simu ya Yeshareg

Gashaw Birru aliuza simu, lakini hakupenda kuziona tena zikishauzwa. Mteja akirudi dukani na boksi mkononi, uso wake ulifungika kama duka siku ya sikukuu. Asubuhi ile ya Kwaresima, Weyzero, yaani Bi, Yeshareg alipopanda ngazi za duka lake pale Piassa, mjini Dessie, shali nyeupe imemzunguka hadi kidevuni kwa ajili ya baridi iteremkayo kutoka mlima Tossa, Gashaw alichukua kitambaa akaanza kuifuta kaunta ambayo haikuwa na vumbi.

"Imeharibika," alisema Yeshareg, akaiweka simu mbele yake. Kioo chake kilikuwa bado kimevaa plastiki ile nyembamba iliyotoka nayo kiwandani.

"Imeharibika vipi?"

"Ujumbe hauingii, hautoki. Nikigusa pale pa ujumbe inaniletea maneno ya kizungu, kisha inanifungia mlango."

Gashaw hakuyatazama hayo maneno. Aliigeuza simu, akabandua mfuniko wa nyuma kwa ukucha, akakikagua kibandiko kidogo cha dhamana kilichokuwa kando ya betri. Alikikagua kwa muda mrefu, kama mtu anayetumaini kukikuta kimechanika.

"Kibandiko ni kizima," alisema hatimaye, pasipo furaha. "Nitaipeleka Addis kwa mafundi wao. Miezi miwili. Labda mitatu."

"Na miezi hiyo mitatu nitaongea na mwanangu kwa njia gani? Nipande Tossa nipige kelele?"

"Kwa sauti hiyo, mama, Beirut watakusikia bila kupanda."

Wateja wawili waliokuwa wakichagua vifuniko vya simu walicheka. Yeshareg aliwatazama mpaka wakaacha.

"Na visanduku je? Kabla haijafunga mlango, kila alichoniandikia mwanangu kilikuja visanduku vitupu. Hilo nalo litatibiwa Addis?"

"Hilo si ugonjwa. Simu hiyo haijui Kiamhara. Walioitengeneza hawajui kama tupo."

"Ulipokuwa unaipokea pesa uliniambia ina kila kitu."

"Ina kila kitu chao. Chetu wanakitia mafundi wa mtaani. Wanalivunja kufuli la ndani, wanaita kuipiga ruti." Hapo Gashaw aliweka kitambaa chini, akaegemea kaunta, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akaonekana anafurahia kazi yake. "Lakini nisikilize vizuri, usije ukasema hukuambiwa. Simu ikishapigwa ruti, waranti, yaani dhamana, imekufa. Sikujui, hunijui. Hata ikishika moto mkononi mwako, pita hapo nje ukiungua, usigeuze shingo kunitazama."

"Nipe simu yangu."

"Huachi iende Addis?"

"Nipe."

Alimpa. Yeshareg aliifunga katika ncha ya shali yake kama mtu anavyofunga mtoto, akashuka ngazi pasipo kuaga, na huko Dessie kuondoka pasipo kuaga ni tusi linalosikika hadi mtaa wa pili.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Tiruwerk, mwanawe wa pekee, alikuwa akifanya kazi za ndani Beirut, mwaka wa tatu sasa. Bibi wa nyumba ile hakuvumilia kusikia Kiamhara ndani ya kuta zake. Kila alipokisikia alidhani anasengenywa. Basi binti hakuweza kupiga simu. Alichoweza ni kuandika kimyakimya, ameketi katika kibaraza cha kuanikia nguo, na ndiyo sababu alituma fedha za kumnunulia mama yake simu ya kisasa, ya kupokea maandishi. Simu yake mwenyewe alikwisha kutengenezewa na Mhabeshi mmoja huko huko, ikajua kuandika fidel, herufi zetu zile za kale. Aliandika, tena aliandika sana. Lakini kila alichoandika kilifika Dessie kikiwa safu za visanduku vitupu, vimepangwa kama madirisha ya nyumba isiyokaliwa na mtu. Naye mama hakuweza kumjibu, kwani simu isiyojua kusoma fidel haikujua kuiandika pia.

Wapo waliomshauri amwambie binti aandike Kiamhara kwa herufi za kizungu, kama wafanyavyo vijana. Rai hiyo ilikuwa na kasoro moja. Yeshareg hakuzijua herufi za kizungu. Angehitaji mtu wa kumsomea, na katika ua ule wa nyumba mbili zinazotazamana, mtu pekee aliyezisoma barabara alikuwa wifi yake, Weyzero Asegedech.

"Afadhali visanduku," alisema Yeshareg, na huo ukawa mwisho wa rai hiyo.

Chuki baina ya wanawake hawa wawili ilikuwa na umri mkubwa kuliko Tiruwerk mwenyewe. Ilianza miaka ile ya serikali ya wanajeshi, wanafunzi walipotumwa kuwafundisha watu wazima kusoma. Jioni mji wote ulinukia moshi wa mikalitusi, na chini ya kila paa la bati kandili iliwaka, na watu wenye mvi waliimba fidel kwa sauti moja, ha, hu, hi, ha, kana kwamba wako kanisani. Nyakati zile zilikuwa na machungu yake mengi, lakini sauti ile bado huwarudia waliokuwepo. Yeshareg alikuwa bibi arusi, ameletwa kutoka Kutaber, hajui herufi hata moja. Mwalimu wa darasa lake alikuwa Asegedech, mdogo wa mumewe, msichana wa shule aliyeshika kijiti cha kuonyeshea ubaoni na kukitumia pia juu ya vidole vya watu.

"Mke wa kaka," aliuliza mbele ya darasa zima, "hiyo ni herufi au ni mbuzi umemwona?"

Darasa lilicheka. Yeshareg alijifunza kwa hasira, na akajifunza vizuri. Kabla ya mavuno alikuwa akisoma Zaburi kwa macho yake mwenyewe, na tangu siku ile hakuna mtu aliyewahi kumsomea kitu. Alizaa, akafiwa na mume, akaanza kupika mikate ya injera ya kuuzia hoteli za mtaa wa Buanbuwa Wuha, vidole vyake vikaiva kwa joto la bamba la kupikia hata vikawa havihisi tena. Lakini kila alfajiri alifungua Zaburi, akasoma kwa sauti ya kutosha kusikika nyumba ya pili.

Kisha Tiruwerk akataka kwenda Uarabuni. Mama alikataa. Shangazi ndiye aliyemtafuta wakala, shangazi ndiye aliyemsindikiza hadi kituo cha mabasi. Siku ya pili yake, kahawa ikiwa inazungushwa na majirani wote wameketi, Yeshareg alisimama.

"Jina la mwanangu likitoka tena kinywani mwako," alimwambia Asegedech, "mimi na wewe tutazikana bila kuliliana."

Majirani waliinamisha vichwa. Kwa watu wa kule, ambao hata mgeni asiyejulikana hulipiwa hema la matanga na kuliliwa na mtaa mzima, hayo yalikuwa maneno mazito kuliko kofi. Tangu siku hiyo wanawake hao hawakusemeshana. Palipokuwa na jambo la lazima, waliwaambia wanyama.

Siku simu mpya ilipoletwa, Asegedech aliiona kutoka kizingitini kwake. Wiki kadhaa baadaye ikafunga mlango wa ujumbe. Yeshareg hakuwa na haja ya kufikiri. Aliwaambia majirani waziwazi kwamba ni jicho la mtu fulani, akaenda kanisani akaleta maji ya baraka. Hata hivyo Gashaw alikuwa amemwonya kwamba tone moja la maji likiingia simuni dhamana inakufa. Kwa hiyo alilinyunyizia boksi.

Jioni ya siku ile aliyotoka kwa Gashaw, Asegedech alikuwa mlangoni kwake anakaanga kahawa. Alimwita paka wake akamwambia, kwa sauti ya kupita ua:

"Wewe paka, mwambie mwenye nyumba ile kwamba Beirut hawajambo, na salamu zimekuja."

Yeshareg alikuwa akitawanya punje za nafaka ya tefu kwa kuku.

"Kuku wewe," alisema, "mwambie paka kwamba mwizi wa watoto hana habari ya kunipa. Anadhihaki kwa sababu ameona simu yangu imekufa."

"Paka, huyu mtu hata habari njema anaipiga mawe."

"Kuku, ingia ndani. Hapa nje kuna moshi mbaya."

Akaingia yeye na kuku.

Siku zilizofuata alipika injera na kufikiri, na kwa kuwa alikuwa amefunga, hana hata mtindi tumboni, alifikiri kwa ukali. Aliumimina uji wa tefu juu ya bamba kwa duara, kutoka ukingoni hadi katikati, akafunika, akangoja macho ya injera yafumbuke. Na katika kungoja huko aliyapima mambo mawili. Upande mmoja palikuwa na dhamana. Simu ilikuwa mpya, nayo ilikuwa mgonjwa. Akiiacha nzima, Gashaw angelazimika kuitibu bure, ijapokuwa kwa miezi mitatu, nayo ingerudi bado haijui Kiamhara. Upande wa pili palikuwa na ruti. Fundi angelivunja kufuli, angetia fidel, na yeye mwenyewe angeyasoma maneno ya Tiruwerk siku hiyo hiyo kwa macho yake. Lakini kama ule ugonjwa mwingine ungebaki, au simu ingefia mikononi mwa fundi, asingekuwa na mahali pa kulilia. Mwanawe alikuwa amesugua sakafu za watu kwa ajili ya kitu kile.

Lililomsumbua zaidi ni neno lenyewe, dhamana. Katika maisha yake alipata kuiona dhamana moja tu. Mumewe, Getahun, aliwahi kumpiga ngumi mtunza ghala wa mtaa, akafungiwa, wakasema hatoki mpaka aje mtu wa kumdhamini. Ndugu wa kiume wote walikumbuka safari. Aliyekuja kwa miguu yake, akasimama mbele ya afisa, akaweka jina lake chini ya jina la Getahun na kusema, "Akitoroka, nifungeni mimi," alikuwa Asegedech. Yeshareg hakupenda kulikumbuka hilo. Lakini kila alipolitazama lile neno, picha iliyokuja ni ya yule msichana mwembamba aliyesimama bila kutetemeka, wala si kibandiko kilicho kando ya betri.

Ndipo alipokwenda kwa Endris.

Endris Yimam alikuwa fundi wa simu aliyejibana chini ya ngazi za hoteli mojawapo ya zile ambazo Yeshareg aliziuzia injera, mirungi shavuni, kompyuta kuukuu mapajani, na hasira za mtu anayesumbuliwa na riziki yake. Aliipokea simu, akaigeuza.

"Emama, hii bado ina plastiki. Umeiba?"

"Nimezaa. Mwanangu kaninunulia."

"Unataka nini?"

"Fidel. Wasema unaweza."

"Naweza. Mtengenezaji kafunga chumba kimoja humu ndani na ufunguo kaondoka nao. Herufi zinakaa humo. Mimi navunja, naingia, naziweka zetu, natoka. Mara nyingi simu inasalimika."

"Na isipokuwa mara nyingi?"

Endris alivuta droo, akatoa simu nyeusi isiyo na uhai, akaigonga mezani kama kigae.

"Huyu hapa. Umeme ulikatika nikiwa katikati. Mwenyewe ni polisi. Ilibidi nihame mtaa mpaka alipopata uhamisho."

"Ukishamaliza, unaweza kurudisha kufuli Gashaw asijue?"

"Kuna alama ndani, Emama. Nikiingia inajiandika yenyewe. Mimi siwezi kuifuta. Wako wanaosema wanaweza. Nenda kwao wakudanganye, mimi nina kazi."

"Una ulimi mchafu."

"Ulimi wangu sikutozi." Alikuwa amekwisha kuiwasha simu. Alipagusa pale pa ujumbe, yale maneno ya kizungu yakatokea, naye, tofauti na Gashaw, akayasoma. Akakunja uso. Akagusa hapa, akagusa pale. Kisha akauliza taratibu, "Emama, simu hii iko mwaka gani?"

"Mwaka gani tena? Mwaka huu. Elfu mbili na tano, mwezi wa Megabit."

"Nani kaiandikia hivyo?"

"Mimi. Gashaw alinionyesha pa kuweka saa, nikaona na tarehe iko pale pale, imeandikwa ya kizungu. Nikaiweka sawa. Nilitaka ijue kwamba Kwaresima imeingia."

Endris nusura ayateme majani kwa kicheko.

"Emama, kwa kalenda ya kanisa lako ni elfu mbili na tano. Lakini simu zote za dunia ziko elfu mbili na kumi na tatu. Umeirudisha nyuma miaka minane. Mwanao akiandika leo, simu yako inaona barua imetoka siku ambayo haijafika, inakataa kuipokea. Haya maneno yanakuambia hivyo tu, rekebisha tarehe. Haina ugonjwa. Imekutii."

Alibadilisha tarakimu chache, na kabla hajaiweka mezani simu ilianza kutetemeka, mara moja, mara ya pili, mfululizo, na visanduku vikamiminika juu ya kioo, safu juu ya safu.

Yeshareg aliketi juu ya kigoda cha wateja. Aliyakumbuka maji ya baraka juu ya boksi. Aliwakumbuka majirani aliowaambia habari za jicho, nyumba kwa nyumba, wala hakuruka nyumba hata moja.

"Sasa nikushauri kama mwanao," alisema Endris, na sauti yake ikapungua makali. "Simu ni nzima. Waranti ni nzima. Rudi nyumbani. Mwaka wa waranti ukiisha, njoo tuivunje bila kumwogopa mtu."

Lilikuwa shauri jema, na mtu mwingine angelifuata. Yeshareg alivitazama visanduku. Aligundua kwamba mkono wake ulikuwa umefunika kioo, kana kwamba mtu angeweza kuvisoma.

"Gashaw," alisema polepole, "aliishika simu hii mkononi. Maneno haya haya yalikuwa usoni pake. Alikitazama kibandiko. Angeichukua miezi mitatu kwa ajili ya tarehe."

"Gashaw ndivyo alivyo."

"Basi huyo ndiye dhamana yangu? Huyo ndiye nimlinde mimi?" Aliisukuma simu kuelekea kwa fundi. "Vunja."

"Mimi sikukushauri hivyo."

"Sikuomba ushauri. Nimeomba herufi."

Endris aliinua mabega, akaunyoosha waya. Kompyuta yake haikuwa na betri ya kutegemewa. Iliishi kwa umeme wa hoteli, na umeme wa hoteli uliishi kwa kudra ya Mungu. Kwanza aliyanakili maneno yote ya Tiruwerk na kuyaweka pembeni, kisha akamwambia Yeshareg asiguse meza, asikohoe, na kama anajua sala fupi aisome moyoni. Kioo cha simu kikawa cheusi. Kikabaki cheusi. Huko juu ya ngazi mpishi wa hoteli aliwasha jiko, na balbu iliyoning'inia juu ya kichwa cha Endris ikapepesa, ikafifia hadi ikawa nyekundu kama kaa la moto. Endris aliacha kutafuna. Yeshareg alikishika kijiti cha kusukia nywele kilichokuwa shalini mwake, akakibana hata kikakatika. Balbu ikafikiri, ikarudi.

Simu iliwaka. Endris aliishika, akaitazama, akapitisha mkono usoni.

"Chukua," alisema. "Imejua."

Vile visanduku havikuwapo tena. Mahali pao palisimama fidel, nyembamba, nyeusi, kila moja na miguu na mikono yake, kama watu waliofungua madirisha.

"Nikusomee?" aliuliza Endris. "Macho yako yamelowa."

"Ni moshi wa jiko. Nitasoma mwenyewe."

Alisoma pale pale juu ya kigoda, midomo ikitembea, kidole kisichohisi kikifuata mstari. *Mama, simu imefika? Mama, mbona kimya? Mama, kama umenikasirikia niambie kosa langu.* Hayo yalikuwa ya mwanzo, na kila moja lilimpiga mahali pake. Mbele kidogo Tiruwerk alikuwa ameandika: *Hujibu, basi nimemwandikia shangazi kwa herufi za kizungu. Ameniambia u mzima na unagombana na mtaa wote. Nimefurahi. Kama unagombana basi kweli u mzima.* Na mbele zaidi: *Mkataba wangu umekwisha. Baada ya Pasaka ninarudi nyumbani, sirudi tena huku. Nimemwomba shangazi akuambie. Anasema umemkataza kunitaja, lakini atatafuta njia.*

Yeshareg aliurudia mstari huo wa mwisho. Kisha akaifunga simu katika ncha ya shali, akamlipa Endris, na safari hii akaaga.

Alipoingia uani, Asegedech alikuwa ameketi peke yake mbele ya kahawa. Vikombe vya raundi ya kwanza na ya pili vilikuwa vimekwisha kunywewa na majirani walioondoka. Ilibaki ya tatu, ile ya baraka, nyepesi kama chai, ambayo mtu haachwi ainywe peke yake isipokuwa watu wamemtenga. Yeshareg alisimama. Kisha akavuta kigoda akaketi, si karibu sana.

Asegedech hakuinua macho. "Paka," alisema, "kuna mtu amepotea njia."

"Ulijua anarudi," alisema Yeshareg.

"Nilijua. Nikamwambia paka."

"Mimi si paka."

"Paka alisikia, lakini." Asegedech alikoroga makaa. "Ulitaka nifanye nini? Niingie nyumbani kwako? Uliapa mbele ya watu kwamba tutazikana bila kuliliana. Mimi sina mtoto, Yeshareg. Nataka kuliliwa."

Yeshareg aliutazama moshi.

"Simu haikuwa na kitu," alisema. "Nilikosea tarehe."

"Nimesikia ilikuwa jicho langu."

"Nitawaambia."

"Nyumba zote?"

"Nilizopita nikienda nitazipita nikirudi. Usinisimamie."

"Nimesikia pia uliinyunyizia maji."

"Boksi. Nililinyunyizia boksi."

"Kwa nini boksi?"

"Waranti."

Asegedech aliuma mdomo, lakini mabega yake yalitikisika. "Na sasa hiyo waranti iko wapi?"

"Imekufa. Nimeivunja ili nisome."

"Wewe na kichwa chako. Ikiharibika kesho, nani atasimama?"

Asegedech alimimina kikombe, akakisukuma juu ya sinia hadi kikafika upande wa pili, pasipo kusema karibu. Yeshareg alikinywa, pasipo kusema asante. Halafu aliifungua simu, na kwa kuwa ncha za vidole vyake kioo hakikuzitambua, akaanza kuandika kwa kifundo cha kidole kidogo, herufi moja, kisha nyingine, akiinama juu yake kama zamani chini ya kandili. *Mwanangu. Nimesoma yote. Njoo.*

Asegedech alinyoosha shingo.

"Unaandika polepole vile vile kama ulivyokuwa unasoma."

"Mwambie paka," alisema Yeshareg, akaendelea kuandika.